Kizibo cha Ute Kwenye Mwamba wa Moto

Ukihesabu kwa ujazo na si kwa bei, kampuni za mafuta ni wachota maji wanaopata mafuta kidogo njiani. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2000 yalionyesha kwamba dunia ilikuwa ikitoa mapipa milioni 75 ya mafuta kwa siku, na pamoja nayo mapipa milioni 210 ya maji. Gharama ya kuyatenganisha, kuyasafisha na kuyatupa maji hayo ilikisiwa kufikia dola bilioni 40 kwa mwaka. Kisima kizee huweza kutoa maji asilimia 95 na bado kikaendelea kupigwa pampu, maadamu ile asilimia 5 inalipa. Siku inapoacha kulipa, kisima hufungwa na mafuta mengi hubaki chini. Hayajakwisha, yametanguliwa tu na maji.

Maji hayo yana asili mbili. Mengine yalikuwamo tangu mwanzo: mafuta huelea juu ya maji ndani ya mwamba kama yanavyoelea juu ya mchuzi, na kadiri yanavyonyonywa ndivyo maji yanavyopanda. Mengine hushindiliwa na wachimbaji wenyewe kupitia visima vya pembeni, ili yadumishe shinikizo na kuyasukuma mafuta kuelekea kisima cha kuvunia. Laiti mwamba ungekuwa na vinyweleo vya ukubwa mmoja kila mahali, maji yangesukuma mafuta kama ufagio mpana unavyosukuma taka. Lakini mwamba una nyufa, una matabaka ya mchanga mnene yaliyobanwa katikati ya mchanga laini, una mishipa iliyoliwa na maji ya zama za kale. Maji hufuata mkondo. Yakishaipata njia nyepesi hupita humo humo mwaka hata mwaka, na mafuta ya pembeni yanabaki yametulia tuli.

Mfano mkubwa kuliko yote uko Saudi Arabia. Eneo la Ghawar, lililogunduliwa mwaka 1948, limekuwa likishindiliwa maji kwenye kingo zake tangu miaka ya 1960, na baadaye maji ya bahari yaliyotolewa Ghuba yakafikishwa huko kwa mabomba. Ndani ya mwamba wa chokaa uitwao Arab-D kuna matabaka membamba yanayopitisha maji kwa wepesi wa ajabu, na wanajiolojia wa huko wameyapa jina la Super-K, K ikiwa ndiyo alama ya upenyezaji wa mwamba. Tabaka moja la aina hiyo linatosha kufikisha maji kisimani mapema kuliko hesabu zote zilizopangwa. Na joto la mwamba huo linakaribia nyuzi 100 za Selsiasi.

Si kila maji yanayoingia kisimani yanahitaji kemia. Bomba la kisima likitoboka, au maji yakiwa yanatoka kwenye tabaka la chini kabisa lililotengwa na mafuta kwa udongo mzito, saruji au kizibo cha chuma kinatosha, na fundi mwenye busara huanzia hapo. Shida ni pale njia ya maji inapokuwa mbali na kisima, ndani ya mwamba wenyewe. Chembe za saruji ni kubwa kuliko vinyweleo vya mwamba, zitakwama mlangoni. Kinachotakiwa ni kitu kinachoingia kama maji na kuganda kikishafika.

Mpishi wa bamia anaijua nusu ya jambo hili. Ute wa bamia ni maji yaliyojaa minyororo mirefu ya molekuli inayosukana na kufanya maji yawe mazito. Polima inayotumika sana visimani, poliakrilamaidi, ni ute wa namna hiyo uliotengenezwa kiwandani, wenye minyororo mirefu mno. Ndiyo ileile inayosaidia kutuamisha tope kwenye mitambo ya kusafisha maji ya kunywa. Nusu ya pili anaijua mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani. Kutoka kwenye mwani hutolewa karajinani, ambayo ikipoa katika maji haiishii kuwa nzito: huganda, minyororo ikashikana ikawa wavu unaokamata maji ndani yake. Huo wavu ndio jeli. Tofauti ni kwamba jeli ya mwani ukiipasha moto huyeyuka, kwa kuwa vifundo vyake ni dhaifu. Kilomita tatu au nne chini ya ardhi, ambako joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita, vifundo lazima viwe vya kemikali hasa.

Katika miaka ya 1980 Robert Sydansk, mtafiti wa Marathon Oil huko Marekani, alitengeneza mchanganyiko ambao mpaka leo ndio kipimo cha kulinganishia mingine yote: poliakrilamaidi pamoja na asetati ya kromiamu. Ayoni ya kromiamu hushika vikundi vya kaboksili kwenye minyororo miwili na kuifunga, kama kamba inavyofunga fito za nyumba ya udongo. Jeli inayopatikana ni maji kwa takriban asilimia 99, kwa hiyo maji yanazibwa kwa maji. Sydansk aliacha pia kipimo cha macho ambacho maabara nyingi bado hukitumia. Unaweka mchanganyiko kwenye chupa, unaigeuza juu chini, na kuipa herufi. A ni kimiminika kisichoonyesha dalili ya kuganda. J ni jeli ngumu kiasi kwamba ukiigonga chupa, inalia kama uma wa chuma.

Sasa tuingize joto. Mchanganyiko wa kawaida wa aina hiyo, wenye polima asilimia 0.5, huganda kwa muda wa saa tano hivi katika nyuzi 41. Wakemia wana kanuni ya kukadiria: kila nyuzi 10 zinapoongezeka, mmenyuko huenda kasi karibu mara mbili. Kutoka nyuzi 41 hadi 101 ni hatua sita, yaani mara 64, na zile saa tano zinakuwa chini ya dakika tano. Chukua kisima cha kilomita tatu chenye bomba la inchi tatu na nusu. Ndani ya bomba hilo hukaa mapipa yapata 85, na pampu ikisukuma pipa moja kwa dakika, mchanganyiko utasafiri karibu saa moja na nusu kabla ya kuugusa mwamba. Ni kweli kwamba unaweza kutanguliza maji baridi yapoze njia, na mafundi hufanya hivyo. Lakini unafuu huo ni wa karibu na kisima tu, nao ni wa muda.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya utafiti wa miaka arobaini imekuwa utafiti wa kuchelewesha. Watafiti wa Italia walionyesha kwamba kromiamu ikifungwa na malonati badala ya asetati, huachiliwa polepole zaidi. Wengine wamechezea polima yenyewe: anza na mnyororo wenye kaboksili chache sana, kromiamu ikose pa kushika, kisha uliache joto la mwamba lizalishe kaboksili hizo moja baada ya nyingine. Hapa nadhani ndipo fani hii ilipokomaa, ilipoacha kulipiga vita joto na kuanza kulitumia kama saa.

Deni la pili la joto linadaiwa baadaye, jeli ikiwa imekwisha kukaa mahali pake. Joto lilelile linalozalisha kaboksili haliachi kuzizalisha. Kwenye maji yenye kalisiamu na magnesiamu, kaboksili zikizidi hunaswa na madini hayo na polima hutuama kama masimbi. Takwimu mbili zinaeleza kisa chote. Majaribio ya watafiti wa Phillips Petroleum katika miaka ya 1980 yalionyesha kwamba poliakrilamaidi ya kawaida, katika maji yenye miligramu 2,000 au zaidi za madini hayo kwa lita, haifai kupita nyuzi 75. Katika maji yenye chini ya miligramu 20, ilivumilia hadi nyuzi 204. Na kazi ya Randy Seright na wenzake wa New Mexico, iliyochapishwa mwaka 2010, ilikadiria kwamba bila oksijeni na bila madini hayo, polima hiyo huchukua zaidi ya miaka saba katika nyuzi 100 kupoteza nusu ya uzito wa ute wake, na takriban miaka miwili katika nyuzi 120. Katika nyuzi 160 muda huo ni mfupi mno.

Joto peke yake, basi, halistahili lawama zote mpaka lifike mbali sana. Linaponza likikutana na chumvi ngumu na hewa. Sasa angalia maji ya bahari: yana takriban miligramu 400 za kalisiamu na 1,300 za magnesiamu kwa lita, jumla 1,700. Ukishindilia maji ya bahari kwenye mwamba wa nyuzi 100, kama Ghawar, au wa nyuzi 130, kama Ekofisk ya Norwei ambako kazi hiyo ilianza mwaka 1987, unakuwa umekaribia ule mpaka mbaya kwa chaguo lako mwenyewe, kabla hata ya kuyahesabu madini yaliyomo kwenye maji ya asili ya mwamba, ambayo mara nyingi ni mengi zaidi.

Kuna namna nyingine ya kuharibika ambayo kila mnywa mtindi ameiona. Mtindi mzuri ukikaa sana hujikunyata, na juu yake hujitenga maji ya manjano. Jeli ya polima hufanya vivyo hivyo: vifundo vikiendelea kuongezeka, wavu hujikaza na kuyatema maji uliyokuwa umeyashika. Jeli iliyojaza chupa leo inaweza baada ya miezi katika tanuri kubaki kidonge kilichozama chini ya maji safi. Kwa hiyo nguvu na uimara si kitu kimoja. Kuongeza kromiamu ili jeli ipate herufi kubwa wiki ya kwanza mara nyingi ni kununua kunywea kwake mwezi wa sita. Nimesoma ripoti nyingi zenye picha ya chupa iliyogeuzwa siku ya kwanza. Picha ya chupa hiyohiyo siku ya 300 ni adimu.

Jibu la wakemia lilikuwa kuachana na vifundo vya ayoni na kutafuta vya kaboni, ambavyo havifunguki kwa urahisi. Fenoli na fomaldehaidi zilitoa jeli zinazovumilia nyuzi 120 na zaidi, lakini fenoli ni sumu na fomaldehaidi husababisha saratani. Hali ilikuwa hivyohivyo upande wa kromiamu, ambako mifumo ya awali ilitegemea kromiamu ya chaji sita, nayo ni ya kusababisha saratani. Kwa muda mrefu orodha ya jeli imara kwenye joto na orodha ya kemikali ambazo hungetaka zimwagike kwenye bahari ya wavuvi zilikuwa karibu orodha moja. Watu walijaribu kuizunguka sumu hiyo kwa kutumia hidrokwinoni na heksamini, ambazo humenyuka polepole na kuzalisha kinachohitajika chini kwa chini, mbali na mikono ya wafanyakazi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakemia wa kampuni ya Halliburton walikuja na polietilenimini, polima yenye mikono mingi ya amini ambayo Marekani imeruhusiwa hata kwenye vifungashio vya chakula. Mwenzake alikuwa akrilamaidi iliyochanganywa na esta yenye umbo kubwa, ambayo huuficha mnyororo mpaka joto liivue. Baadaye Ghaithan Al-Muntasheri wa Saudi Aramco, katika utafiti wake wa Delft nchini Uholanzi, alionyesha kwamba polietilenimini huweza kuifunga hata poliakrilamaidi ya kawaida, iliyo rahisi kwa bei, katika joto la juu. Wengine walikuwa wameimarisha uti wenyewe wa polima kwa kuupachika molekuli za AMPS au vinili pirolidoni, ambazo kalisiamu haizinasi kirahisi. Yote hayo hufanya kazi. Bei nayo hupanda, na polima ya viungo vingi huhitajika kwa wingi zaidi ili kutoa uzito uleule.

Wazo lililonivutia kuliko yote, hata hivyo, halikutoka kwenye orodha ya kemikali imara. Mwaka 1997 kampuni kadhaa, zikiwamo BP, Chevron na Texaco, zilianza kwa pamoja mradi ulioitwa Bright Water. Walijua kwamba maji baridi yanayoshindiliwa kwa miaka mingi huupoza mwamba kwenye njia yanayopita, na kwamba mbele zaidi kuna mpaka ambapo maji hayo huanza kupata joto. Wakatengeneza chembe za polima, kila moja ndogo kuliko sehemu ya elfu moja ya milimita, zilizofungwa kwa vifundo vya aina mbili: vya kudumu na vya kukatika. Chembe zinasafiri na maji baridi kama si kitu. Zikiuvuka mpaka wa joto, vifundo dhaifu vinakatika, chembe inavimba kama bisi kwenye sufuria, na njia inakwama hapo, mamia ya mita kutoka kisimani. Jaribio la kwanza lilifanyika Minas, Sumatra, mwaka 2001, na la Milne Point huko Alaska likafuata mwaka 2004. Hakuna pampu inayoweza kuchagua mahali pa kuvimbia kwa usahihi huo. Hapa joto ndilo linalochagua.

Wachina walichukua njia ya mkato. Ikiwa kuganda ndani ya mwamba ni kamari, ganda kwanza. Jeli hutengenezwa kiwandani, hukaushwa, husagwa, kisha chembe kavu huchanganywa na maji na kusukumwa, zikivimba njiani. Ni ndugu wa unga unaofyonza mkojo kwenye nepi ya mtoto. Kwenye eneo la Zhongyuan, lenye joto linalozidi nyuzi 100 na maji ya chumvi kali mara kadhaa kuliko bahari, chembe hizo zilisukumwa visimani ambako mchanganyiko wa kimiminika usingeweza kuaminika. Baojun Bai, aliyeanzia kazi hiyo China na kuiendeleza Missouri, ndiye aliyeandika sana juu ya namna zinavyobonyea na kupenya. Kasoro ya chembe hizo iko wazi: chembe ya nusu milimita huingia kwenye ufa, haiingii kwenye kinyweleo.

Na kasoro hiyo inatupeleka kwenye swali ambalo, kwa maoni yangu, mabishano ya kemia yameliziba muda mrefu. Mwaka 2003 Seright, Robert Lane na Sydansk walitoa mkakati wa kushughulikia maji, na hoja yao kuu ni ya kufedhehesha kidogo: matibabu mengi hushindwa kwa sababu aliyeyafanya hakujua tatizo lake ni lipi. Mchanganyiko mwepesi hauna macho. Ukisukumwa kwenye kisima chenye matabaka mawili, moja la maji na moja la mafuta, huingia yote mawili, kila moja kwa kadiri ya wepesi wake, na kuziba yote mawili. Jeli, ni kweli, hupunguza mwendo wa maji kuliko wa mafuta, na sifa hiyo imeuzwa kama dawa ya kila maradhi. Lakini katika kisima kisicho na ufa, mafuta hufika yakiminywa kutoka kila upande kuelekea shimo moja dogo, na hata punguzo la wastani karibu na shimo hilo huyakaba. Tena matabaka yakiwa yanawasiliana, maji yatakizunguka kizibo na kurudi njia yao mita chache mbele. Umejenga ukuta mlangoni kwenye nyumba isiyo na kuta nyingine.

Kwenye ufa mambo hugeuka. Jeli iliyokwisha kuganda haiwezi kuingia kwenye vinyweleo vya mwamba. Hujipenyeza ndani ya ufa kama uji mzito ndani ya mrija, ikipoteza maji pembeni na kuzidi kukaza. Mafuta ndani ya mwamba hayaguswi. Ndiyo sababu visima vya Big Horn Basin, Wyoming, ambako Marathon walianza, vilitoa matokeo mazuri: mwamba wake ulikuwa wa nyufa. Na ndiyo sababu ile hofu ya jeli inayoganda ndani ya dakika tano si ya kila mahali. Kama njia ya maji ni ufa mpana, kuganda mapema si balaa ilimradi pampu inaweza kuisukuma. Kama njia ni tabaka la mchanga, ni balaa tupu. Joto lilelile, polima ileile, hukumu mbili tofauti.

Kutambua lipi ni lipi si rahisi. Mwaka 1995 K. S. Chan alipendekeza kuchora uwiano wa maji kwa mafuta dhidi ya muda, pamoja na kasi ya mabadiliko yake, akisema mteremko wa mstari huo unaonyesha kama maji yanapanda kutoka chini au yanapita kwenye mfereji. Mchoro huo ulipendwa kwa kuwa hauna gharama. Takwimu zake kila kampuni inazo. Baadaye ilionekana kwamba matabaka mengi yakichanganyika yanaweza kutoa mteremko wowote kati ya hiyo miwili. Kupima kweli, kwa kushusha vipimo kisimani au kusukuma rangi na kuisubiri itokee upande wa pili, hugharimu fedha na siku za kisima kusimama. Meneja anayechagua kati ya kipimo cha gharama na mapipa ya kemikali yaliyokwisha kufika kwenye eneo la kazi huchagua mapipa.

Tofauti kati ya mazoea hayo na yaliyofanyika kwenye eneo la mafuta la Snorre, Norwei, ni funzo. Mwamba huko una joto la takriban nyuzi 90, na kampuni ya Statoil waliamua kuachana na polima kabisa wakatumia silikati ya sodiamu, kemikali ya zamani ya viwanda vya sabuni, isiyo na sumu ya kutisha. Silikati haipatani na kalisiamu, hivyo walilazimika kutanguliza maji laini mengi, na baada ya kujaribu kisima kimoja mwaka 2011 wakarudi mwaka 2013 na meli ya kubebea mafuta iliyogeuzwa kuwa kiwanda cha kuchanganyia. Kazi nyingi ilikuwa kuuandaa mwamba: kuupoza, kuuosha chumvi, kujua maji hutoka kisima gani hadi kipi. Jeli ilikuja mwisho.

Karibu na kwetu swali hili bado ni changa lakini limeshafika. Mradi wa Tilenga nchini Uganda umepangwa kuwa na visima zaidi ya 400 kwenye majukwaa 31, na mafuta yake mazito ya nta yatasukumwa kwa maji, mengine yakichotwa Ziwa Albert. Miamba ya huko haiko ndani sana, na maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, kwa hiyo mahesabu ya Ekofisk hayahamishiki hapo. Lakini maji yatafika visimani, na siku hiyo mhandisi wa Hoima atahitaji ramani ya njia za maji kabla ya katalogi ya polima, na ramani hiyo huchorwa kwa vipimo vya miaka ya mwanzo, wakati maji yakiwa bado machache.

Nimalizie kwa chupa ya tanuri, ile yenye kidonge chini na maji juu. Wengi huutupa mchanganyiko wake wakiiona hivyo. Wapo waliouingiza mchanganyiko huohuo kwenye kipande cha mwamba, wakauacha unywee vilevile, kisha wakapitisha maji: yakakwama kwa kiasi kikubwa. Ndani ya kinyweleo chembamba jeli iliyonywea bado inaweza kukaa kwenye shingo ya njia, ilhali ndani ya ufa wa milimita mbili kunywea kidogo tu hufungua uchochoro mzima. Chupa haina shingo wala ufa.